Mbao Thelathini za Kwanza

Siku ya tatu baada ya moto Inspekta alifika darajani saa moja asubuhi, miguuni viatu vya juzi na kichwani usingizi wa saa tatu. Angepewa hiari angebaki kwenye gari afumbe macho kidogo, lakini hiari aliiacha nyumbani kwao miaka ishirini na sita iliyopita, siku aliyovaa sare. Mkuu wake alikuwa amempa mpaka saa nane mchana. Ikifika saa hiyo, fundi wa kuchomelea anayeitwa Miwani angetolewa mahabusu na kupandishwa kizimbani kwa kosa la kuua kwa uzembe. Hati ya mashtaka ilikwisha chapwa. Ilikosa sahihi ya Inspekta tu.

"Daraja limeungua, mlinzi kafa, na fundi mmoja alikuwa na moto mkononi mchana huohuo," Mkuu alikuwa amemwambia jana. "Hesabu ya darasa la kwanza hiyo, mama. Unatafuta nini tena?"

Alichokuwa nacho Inspekta ni shaka na maelezo ya shahidi mmoja, maelezo yaliyonyooka mno.

Shahidi huyo alikuwa anamsubiri kando ya kibanda cha mlinzi, upande wa kaskazini wa daraja. Ndiye nyapara wa ukarabati, pande la mtu, mwenye ovaroli ya bluu aliyoifunga vifungo mpaka kwenye viganja ingawa jua lilikwisha kuanza ukali wake.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Twende."

Daraja lenyewe lilikuwa la chuma cha kizamani, na chuma hakikuwa na neno. Kilichooza ni njia ya miguu iliyo ubavuni mwa reli, ambayo walinzi na mafundi huipita kwenda kukagua. Mbao zake ziling'olewa, na mahali pake zikawekwa zile ambazo mafundi waliziita mbao za kioo: vipande virefu vya kijivu vilivyotengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, vyepesi hata mtu mmoja hubeba viwili begani bila kuomba msaada. Wauzaji waliapa kwamba haziozi, hazili kutu, mchwa hawazitaki, na hazishiki moto.

"Hazishiki moto," Inspekta alisema, akitazama weusi uliokuwa mbele ya viatu vyake.

"Ndivyo tulivyoambiwa," Nyapara alisema.

Kuanzia mlangoni mwa kibanda, gundi ilikuwa imeungua yote, zikabaki nyuzi tupu zilizoning'inia juu ya mto kama gunia kuukuu. Katikati ya weusi huo ndipo ilipokutwa maiti ya mlinzi, Mzee Kengele, jina alilopewa kwa sababu ya kengele aliyokuwa akiigonga kila treni ilipokaribia. Kila treni ikishapita, mzee huyo alikuwa na desturi ya kutoka kibandani na kuifuata nyuma kwa miguu mpaka kwenye nguzo ya taa, kuhakikisha haikudondosha kitu. Jioni ile alitoka kama kawaida yake, akakuta moto.

Inspekta alitembea juu ya vyuma vya pembeni, mkono mmoja kwenye kizuizi, akihesabu kwa sauti. Ubao wa thelathini ulikuwa umeungua nusu. Ule wa thelathini na moja ulikuwa mzima, umeumuka tu ukingoni. Ungedhani mtu alichora mstari pale na moto ukatii.

"Kwa nini umesimama hapa?"

"Upepo uligeuka, labda."

"Upepo ulihesabu thelathini kamili, ndio ukageuka?"

"Mimi mtu wa nati na boliti, afande. Mambo ya upepo waulize wa hali ya hewa." Nyapara alijikuna mkono kwa juu ya ovaroli, taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana anajikuna.

"Unajikuna sana."

"Mbu. Kibandani pale wao ndio wenye nyumba, sisi wapangaji."

Wakaendelea mpaka upande wa kusini, mbali kabisa, alikokuwa akichomelea Miwani. Huko mbao zilikuwa za kijivu kama siku zilipoletwa, ila chini ya kiungo kipya cha chuma zilikuwa na malengelenge makavu, mengine madogo, mengine makubwa kama kiganja. Inspekta alipiga magoti, na magoti yakalalamika.

"Haya yalikuwepo?"

"Sijui."

"Nyapara ni nani hapa, mimi au wewe?"

"Daraja lina mbao mia nne, afande. Siwezi kuzijua kwa sura."

Akabandua kipande chenye malengelenge. Akazoa takataka zilizokuwa chini yake na kuzitia kwenye mfuko. Waliporudi upande wa kibanda akazoa jivu la pale katika mfuko wa pili, na kwa msumeno mdogo akakata kipande kutoka nusu nzima ya ule ubao wa thelathini. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe. Nyapara alisimama kando akiutazama mto.

"Rudia maelezo yako," Inspekta alisema huku akikata.

"Saa kumi jioni Miwani alimaliza kuchomelea. Hakungoja chuma kipoe. Ndoo yake haikuwa na maji. Akaondoka. Saa kumi na mbili na ushei moto ukaonekana."

"Uliyaona hayo ukiwa wapi?"

"Hapa kibandani."

Inspekta alinyanyua kichwa, akatazama urefu wote wa daraja. Kule mwisho kiungo cha Miwani kilionekana kama kidole.

"Ukiwa hapa uliona ndoo ya kule haina maji?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na Mzee. Alimpita akirudi."

"Shahidi mzuri huyo," Inspekta alisema. "Hatutaweza kumuuliza."

Akaondoka. Kabla gari halijafika barabara kuu, vifundo vya mikono yake vilianza kumuwasha, kwanza kidogo, halafu kwa hasira. Alijikuna mpaka taa nyekundu ya pili, ndipo akaiacha mikono itulie na kuitazama.

*

Mtaalamu wa maabara ya zimamoto aliitwa Jivu, na hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kuitwa vingine. Chumba chake kilikuwa nyuma ya gereji ya magari ya kuzima moto, dirisha moja, meza moja ya saruji. Alipokea vipande vitatu: kipya ambacho Inspekta alikipitia ghalani, cha ubao wa thelathini, na chenye malengelenge.

"Umelala?" alimuuliza Inspekta.

"Nilijaribu."

"Kaa basi, usije ukaniangukia kwenye ushahidi."

Alikiweka kile kipya mezani, akawasha kichomeo cha gesi na kuulekeza mwali juu yake. Rangi ya kijivu ilitulia kidogo, kisha ikaanza kuumuka kama unga uliotiwa hamira, ikapanda, ikawa nene na nyeusi. Jivu alihesabu dakika mbili, akazima, akabandua lile povu gumu kwa kisu. Chini yake kioo kilikuwa safi. Akakigusa kwa kidole.

"Vuguvugu. Hii ndiyo kinga. Ikipata joto inavimba, inakaa kati ya moto na ubao. Sasa huyu ndugu yake."

Cha pili alikichoma upande wa juu. Kabla hajamaliza kuhesabu hamsini kilishika, mwali wa manjano, na moshi ukatoka mweusi mzito wa kukaba koo. Jivu alikizamisha kwenye ndoo ya mchanga, akakimbilia dirisha. Walisimama hapo wote wawili wakikohoa, macho yakiwatoka machozi.

"Mzee wa watu kafa hivyo," Jivu alisema alipopata sauti. "Si mwali. Moshi. Gundi ile ikiungua, mtu anavuta pumzi tatu nne, anaona afadhali akae chini apumzike. Akikaa, basi."

Inspekta alifuta macho. Alihisi uchovu umempungua kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Kwa hiyo wameletewa mbao bandia. Mia tatu na sabini halisi, thelathini bandia zimechomekwa." Mkono ulikwisha ingia mfukoni kutafuta simu. Mkuu angefurahi: muuzaji tapeli ananoga kuliko fundi fukara.

"Usipige hiyo simu."

Jivu alikifukua kipande kwenye mchanga, akakigeuza chini juu. Upande wa chini ulikuwa na rangi ileile ya kijivu, na pembeni kulikuwa na muhuri wa kiwanda wenye namba sawa na za kile cha ghalani. Akawasha tena kichomeo. Rangi ikaumuka vizuri kabisa.

"Ubao ni uleule," alisema. "Ila juu umevuliwa nguo." Alimpa kioo cha kukuzia na kumwonyesha ukingo ambao haukuungua. Mikwaruzo midogo ya duara, mingi, imepandana. "Grainda, diski ya msasa. Mtu kakwangua kwa makini, mbao thelathini, mpaka rangi ikaisha."

"Mwenye akili timamu anakwangua kinga ya moto?"

"Mimi naulizwa nini, siulizwi nani."

Akahamia kwenye mifuko miwili ya takataka, akapitisha sumaku juu ya kila mmoja. Kwenye mfuko wa upande wa Miwani iliokota vijidonge vya chuma vya mviringo. Kwenye ule wa upande wa kibanda haikuokota kidonge hata kimoja, iliokota magamba membamba yenye ncha.

"Anayechomelea anadondosha vidonge," Jivu alisema. "Magamba haya ni ya breki. Breki iliyokataa kuachia gurudumu."

Inspekta alipiga simu karakana ya reli. Fundi wa zamu alimjibu bila hata kutafuta daftari: ndiyo, treni ya mizigo ya saa kumi na mbili na dakika kumi jioni ilifika na gurudumu moja jekundu, breki imeshika, na kesho yake wakaibadilisha.

"Mbona hamkusema?"

"Hakuna aliyetuuliza, afande."

Simu ya pili ilikuwa kwa Mkuu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo desturi yake.

"Tamu sana," alisema. "Sasa nani alikwangua? Maana mwanasheria wa serikali atasimama na kusema aliyekwangua ni huyohuyo Miwani, fundi, mwenye grainda. Nipe mtu, mama. Usiponipa, saa nane anapanda."

*

Miwani alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu peku kwa sababu kamba za viatu zilichukuliwa na viatu bila kamba vilimchosha. Weupe wa alama za miwani ya kazi ulikuwa bado umezunguka macho yake.

"Cheche zako ziliangukia wapi?" Inspekta alimuuliza akiwa bado mlangoni.

"Hazikuangukia popote, afande. Niliweka bati."

"Miwani. Nimeziokota kwa sumaku."

Miwani alitazama vidole vya miguu yake. "Bati lilikuwa fupi," alisema. "Nyingine zilipita. Rangi ikaumuka. Nikamwaga maji, nikakaa pale saa nzima nikiangalia kama kuna kitakachowaka. Hakikuwaka."

"Kwenye maelezo yako hukusema."

"Nina wiki moja kazini. Mbao mpya, nimezitia malengelenge. Nikasema nikitamka tu, nitaambiwa nimeharibu mali ya watu, nifukuzwe."

"Kwa hiyo ukaona afadhali mahabusu."

"Sikujua nitafika huku."

Inspekta alikaa kwenye kiti cha mlinzi wa zamu, maana miguu ilikuwa imechoka kusikia mambo haya ikiwa wima. Alimwonea hasira, na alimwonea huruma, na vyote viwili vilimchosha sawasawa. "Hayo malengelenge ndiyo yanayoonyesha moto wako ulizimika palepale. Umekificha kitu pekee kilichokuwa cha kukutoa humu."

Miwani alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Mficha uchi hazai. Bibi yangu alikuwa akisema."

"Zile mbao za karibu na kibanda, uliwahi kuzikwangua?"

"Mimi? Nimezikuta hivyo. Jumatatu yangu ya kwanza nilipita pale asubuhi, kuna umande, nikaona hizi za kwanza hazitelezi, nikafika mbele nikateleza karibu nikae chini. Nikadhani za mlinzi zimetengenezwa tofauti."

Inspekta alimwonyesha vifundo vya mikono yake vilivyojaa vipele. "Unaijua hii?"

"Ukikata mbao za kioo unapata hiyo. Mafundi wanaiita upupu. Ukishaingia kwenye nguo, utafua mpaka sabuni ikukimbie, bado umo."

Inspekta alikumbuka ovaroli iliyofungwa vifungo mpaka viganjani. Aliinuka. Lakini nyapara kujikuna kwenye kazi yenye vumbi si ushahidi, na wakili wa mwaka wa kwanza angeliangusha hilo kabla ya chai ya saa nne. Alihitaji mtu aliyekuwa pale. Ilikuwa saa tano na nusu.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya vyumba viwili, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilihama kidogo mezani. Mjane aliwaaga majirani waliokuwa wamekaa naye uani, akamkaribisha Inspekta ndani na kummiminia chai ya rangi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya mtu aliyelia hadi akamaliza.

"Pole sana, mama."

"Tumeshapoa, mwanangu. Tufanyeje."

Inspekta aliuliza maswali ya kawaida, saa za kazi, afya ya mzee, kama alikuwa na ugomvi na mtu. Mjane akamwona anajikuna.

"Na wewe umepata?" alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukakunjuka. "Mume wangu alikuja nao huo. Shati moja tu, nimelifua beseni moja na nguo za mjukuu, mtoto kalia usiku kucha, anajisugua ukutani. Nikamwambia mzee, wewe umeenda kazini au umeenda kuvuna upupu?"

"Lini hiyo?"

"Jumapili mbili zilizopita. Mbili mfululizo. Siku zake za kupumzika hizo." Alisogeza kikombe. "Aliteleza, mwanangu. Mwezi uliopita. Mbao zao mpya zikipata umande ni sabuni tupu. Akajipigiza ubavu kwenye chuma, wiki nzima hawezi kucheka. Mtu wa miaka sitini na mbili. Nikamwita mwanangu."

"Mwanao yupi?"

"Si ndiye huyu Nyapara! Mtoto wa wifi yangu, nimemlea tangu ana miaka sita, mzee ni mjomba wake wa damu. Watu kazini wakisikia anaita mjomba wanadhani heshima tu. Nikamwambia, mjomba wako atafia kwenye mbao zenu hizo, na wewe ndiye mkubwa pale. Fanya kitu. Akafanya. Wakaenda wote wawili. Mzee akarudi ananiambia, sasa mke wangu natembea pale kama niko sebuleni."

Treni ilipita. Vikombe vikahama. Inspekta alikishika cha kwake kisimwagike.

"Alikwambia walifanya nini?"

"Mambo ya kazi, mimi siyajui. Nilichojua ni shati. Mpaka leo liko kwenye kamba peke yake, sitaki liguse nguo nyingine." Akamtazama vizuri. "Mbona unauliza habari za upupu?"

"Nakamilisha faili tu, mama."

Shati lile lilikuwa ushahidi, na kanuni ilimtaka alichukue, alitie kwenye mfuko, aandike risiti mbele ya mwenye mali. Na mwenye mali angeuliza la nini. Inspekta alishukuru kwa chai ambayo hakuimaliza, akapita uani bila kulitazama shati kambani, akaingia kwenye gari.

*

Saa saba na robo Nyapara alikuwa ameketi mbele yake, katika chumba chenye meza, viti viwili na pangaboi lisilozunguka.

"Kunja mikono ya ovaroli."

"Ya nini, afande?"

"Kunja."

Alikunja. Mikono ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, sehemu nyingine zimechubuka kwa kucha.

"Mbu wa kibandani wana meno," Inspekta alisema.

"Nilikata nyasi. Kuna nyasi zinawasha."

"Za wapi?"

Inspekta aliweka kipande cha ubao mezani, upande uliokwanguliwa ukiwa juu, na vifundo vyake mwenyewe vyenye vipele kando yake.

"Jumapili mbili," alisema. "Wewe umeshika grainda, mjomba wako anazoa vumbi. Mlianzia kibandani mkafika kwenye nguzo ya taa, maana ndiko anakoishia kutembea. Mbao thelathini. Nimekosea wapi?"

Nje mtu alikuwa akipiga taipureta kwa kidole kimoja.

"Mama kasema?"

"Kasema shati linawasha."

"Hajui?"

"Hajui."

"Hajui kabisa?"

"Nimekwambia hajui."

Nyapara alishusha pumzi, na mabega yake makubwa yakashuka nayo. "Nilimwandikia injinia mara mbili," alisema. "Mbao zinateleza, mtu ataumia. Wakasema unakuja mkeka wa mpira, tusubiri. Umande hausubiri, afande. Treni haisubiri. Mama kaniita, ananiambia mjomba atakufa. Nikachukua grainda."

"Ulijua rangi ile ni ya nini?"

"Ni rangi." Alikigusa kipande kwa ncha ya kidole, akakiondoa. "Siku walipotuletea walituita wote, wakasimama pale na karatasi zao, wakasema mbao hizi hazishiki moto. Mbao. Hakuna aliyesema kwamba rangi ndiyo isiyoshika, ubao wenyewe unawaka. Ningelijua hilo ningekufa kabla sijaigusa."

"Ulilijua lini?"

"Asubuhi ya pili. Nilipoona moto umesimama ubao wa thelathini na moja. Nilizikwangua kwa mkono wangu, nazijua zilipoishia."

"Na ukaja hapa ukaandika kwamba Miwani hakuwa na maji."

Nyapara aliziba uso kwa mikono, kisha akaiondoa haraka kwa sababu iliuwasha uso. "Hana mtu huyu Miwani. Nikasema atafungwa kidogo, atatoka."

"Kuua kwa uzembe si kidogo. Ni miaka."

"Najua nilichofanya."

"Njia ya mwongo fupi, Nyapara, lakini wewe uliiweka juu ya mgongo wa mtu mwingine. Hilo nitaliandika lote."

"Liandike. Andika nilimsingizia, andika nilikuwa mlevi, andika mvivu, chochote nitatia sahihi. Lakini usiandike kwa nini niliikwangua." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Itasomwa mahakamani. Mama atakuwa amekaa pale mbele, atasikia kwamba ni yeye aliyesema fanya kitu. Mjomba alinifundisha wema hauozi. Sasa nenda ukamwambie mama wema wake ulifanya nini."

Inspekta aliitazama karatasi tupu mbele yake. Katika miaka ishirini na sita ameombwa mengi ndani ya chumba hiki: asiandike jina, asiandike mahali, asiandike kabisa. Hakuwahi kuombwa hivi.

"Sheria inataka nani na vipi," alisema. "Kwa nini, inaridhika na neno dogo. Nitaandika: ili kuzuia kuteleza. Ni kweli, na inatosha. Mengine sikuyauliza."

Akaandika kurasa mbili. Nyapara alitia sahihi kila ukurasa, na pale penye jina la Miwani akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Mkuu alisoma akiwa amesimama, akasoma tena akiwa ameketi. Aliichukua hati ya mashtaka, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye droo. "Darasa la pili, basi," alisema, akasaini karatasi ya kumwachia Miwani.

Miwani alirudishiwa mkanda na kamba za viatu. Alikaa ngazini akizifunga.

"Nani, afande?"

"Nenda kalale, Miwani. Kesho utasikia, na utakasirika vizuri ukiwa umelala."

Inspekta alisimama mlangoni akimtazama anavyovuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, kama mtu aliyesahau kwamba kuna magari. Alikuwa anajiandaa kugeuka ndani, aende akaegemeze kichwa kwenye meza yoyote, alipomwona kwenye benchi la wageni.

Mjane wa Mzee Kengele alikuwa amekaa mkao wa mtu aliyekuwapo muda, mapajani ameweka mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani yake lilionekana shati la kaki.

"Nimekuletea," alisema. "Niliona utalihitaji."

"Mama, usingejisumbua."

"Uliacha chai nusu. Mtu haachi chai ya watu nusu hivihivi, labda amesikia jambo. Nikakaa nikafikiri, alisikia nini? Nikarudia maneno yangu yote niliyokwambia, moja moja." Alilisawazisha fundo la mfuko kwa kidole gumba. "Nikafika pale niliposema fanya kitu."

Inspekta alikaa kando yake. Hakuna kanuni iliyomwambia aseme nini, na uongo aliomwambia kule nyumbani ulikuwa umekwisha matumizi.

"Ilikuwa ajali, mama. Breki ya treni."

"Najua ilikuwa ajali. Kwenye karatasi zako umeniandika?"

"Hapana. Sheria haina mahali pa kukuandika."

Mjane alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa na alikwisha kujua. Alimkabidhi mfuko. Kisha akatazama korido, kule chumba cha maswali kilikokuwa na mlango uliofungwa.

"Mwanangu yuko humo?"

"Yuko."

"Amekula?"

"Bado," Inspekta alisema, akainuka kwenda kutafuta funguo.